Jina na Mmea: Ekinasea katika Lugha za Mbuga za Amerika ya Kaskazini

Mfasiri wa maandishi ya sayansi hukutana kila siku na majina ya mimea ambayo haimei kwetu, na kila anapokutana nayo hana budi kuamua: alitohoe jina la Kilatini, alifasiri la Kiingereza, au abuni lake mwenyewe? Mjadala huu wa istilahi si mgeni kwa wasomaji wetu. Lakini aghalabu huendeshwa kana kwamba jina la Kilatini na lile la Kiingereza ndiyo majina pekee yaliyopo, na kwamba mmea wenyewe haukuwa na jina lolote kabla ya kuandikwa vitabuni. Makala haya yanakusudia kuichunguza jenasi moja tu ya maua ya porini, Echinacea, na kuuliza ni nini kilichohifadhiwa na ni nini kilichopotea kila ilipopewa jina jipya.

Jenasi hii ni ya familia moja na alizeti, nayo asili yake ni Amerika ya Kaskazini peke yake. Ni mimea ya kudumu ambayo hufa juu wakati wa baridi na kuchipua tena kutoka mizizini. Shina husimama wima, aghalabu bila matawi mengi, na kileleni hubeba kichwa kimoja. Nasema kichwa, wala si ua, kwa sababu kile ambacho macho hukiona kuwa ua moja ni mkusanyiko wa viua vidogo mamia kadhaa. Vile vya pembeni, vyenye rangi ya zambarau iliyofifia, havizai mbegu. Kazi yao ni kuwavuta wadudu. Vile vya katikati ndivyo vizaavyo, na kati yao husimama vigamba vikavu vyenye ncha kali za rangi ya machungwa. Vigamba hivyo ndivyo vinavyokifanya kichwa kichome mkono unaokigusa, navyo ndivyo vitakavyotushughulisha hapa kuliko petali.

Mazingira ya mimea hii yana jina la kuazimwa pia. Kiingereza huyaita kwa neno la Kifaransa, prairie, ambalo kwa Wafaransa lilikuwa na maana ya malisho tu. Kiswahili kina maneno kadhaa yaliyo karibu. Nyika hubeba ukame na ukiwa. Pori lina vichaka ndani yake. Uwanda hutaja usawa wa ardhi bila kusema kinachomea juu yake. Mbuga ndilo linalofaa zaidi, ijapokuwa katika matumizi ya leo limeelemea mno hifadhi za wanyama, hata msikilizaji akilisikia hutarajia simba na lango la kulipia kiingilio. Tutalitumia hapa kwa maana yake pana, yaani nchi ya majani. Mbuga za majani marefu za katikati ya Marekani zimelimwa karibu zote. Zilizosalia hazifiki asilimia 4 ya zile za zamani. Sehemu kubwa iliyobaki iko katika vilima vya Flint Hills, Kansas, ambako mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi yaliishinda plau.

Jina la kwanza la kitaalamu halikuhusu mmea hata kidogo. Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliuita Rudbeckia purpurea. Rudbeck lilikuwa jina la baba na mwana, wote wawili wakiitwa Olof na wote wakiwa walimu katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Linnaeus aliwahi kuishi nyumbani kwa yule mwana akiwafundisha watoto wake. Basi ua la Amerika likawa shukrani ya mwanafunzi wa Kiswidi kwa mfadhili wake. Mwaka 1794 Conrad Moench, aliyefundisha Marburg, aliutenga mmea huu na jenasi ya Rudbeckia akaupa jina la Echinacea, kutokana na neno la Kiyunani echinos. Neno hilo lilitumika kwa kalunguyeye na pia kwa yule kiumbe wa baharini wa mviringo aliyejaa miiba ambaye wavuvi wa pwani yetu huepuka kumkanyaga. Moench aliugusa mmea, kwa hiyo. Jina lake lilitokana na mmea wenyewe, si na heshima ya mtu. Hata hivyo lilichagua sifa moja tu, ule ukali wa vigamba, likaishia hapo.

Majina ya spishi yaliyofuata yana mwelekeo huo huo wa mtu anayetazama kwa macho: purpurea, ya zambarau, pallida, iliyopauka, angustifolia, ya majani membamba, aliyoitaja de Candolle mwaka 1836, laevigata, laini, sanguinea, ya damu. Moja inaitwa paradoxa, kwa kuwa inakiuka desturi ya wenzake na kutoa maua ya manjano katika milima ya Ozark. Nyingine inaitwa simulata, yaani ya kuigiza, kwa sababu hufanana na pallida hata mtu asiangalie chavuo hatazitofautisha: chavuo ya pallida ni nyeupe, ya simulata ni ya manjano. Ni majina mazuri kwa kazi yake. Lakini ukiyasoma yote kwa mfululizo huwezi kujua kama kuna binadamu yeyote aliyewahi kuishi karibu na mimea hii.

Walioishi nayo waliiita vingine. Chanzo kikuu cha majina yao ni kazi ya Melvin Gilmore juu ya matumizi ya mimea kwa wenyeji wa bonde la mto Missouri, iliyochapishwa mwaka 1919 katika taarifa za Ofisi ya Etnolojia ya Amerika. Gilmore hakuwa mwanaisimu. Tahajia yake haionyeshi ipasavyo ving'ong'o wala mpumuo, na msomaji wa fonolojia atakunja uso mara kwa mara. Hata hivyo aliwauliza wenyeji jina la kila mmea na maana ya jina hilo, jambo ambalo wataalamu wengi wa mimea wa wakati wake hawakujishughulisha nalo.

Kwa Kidakota, aliandika Gilmore, ekinasea ya majani membamba huitwa ichahpe-hu, naye akafasiri: mmea wa mjeledi. Katika tahajia ya leo ya Kilakota jina hilo huandikwa ičháȟpe hú. Kwa Kiomaha na Kiponca aliandika mika-hi, mmea wa chanuo, kwa sababu kichwa kikavu kilitumika kuchania nywele. Tuzitazame sehemu za mwisho za majina hayo mawili. Hu ya Kidakota na hi ya Kiomaha ni neno moja kwa asili. Lugha zote hizo ni za familia ya Sioux, na neno hilo lina maana ya mguu au shina. Likiambatishwa mwisho wa nomino huifanya kuwa jina la mmea. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Chungwa ni tunda, mchungwa ni mti. Waridi ni ua, mwaridi ni mmea wake. Kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kiambishi cha ngeli ya tatu mwanzoni mwa neno, Kidakota huifanya kwa neno la shina mwishoni. Tofauti iliyopo ina faida kwa uchunguzi wetu: kiambishi chetu hakina tena maana yake ya peke yake, ilhali hu bado ni neno kamili ambalo msemaji huweza kulitumia kutaja mguu.

Gilmore alitaja jina jingine la Kiomaha kwa mmea huo huo, ikigahai, lenye maana ya kuchana nywele. Ile i- ya mwanzo ni kiambishi cha ala katika lugha za Sioux, nacho kimo hata ndani ya ichahpe. Huonyesha chombo ambacho kwacho tendo hutendwa. Sisi huijenga dhana hiyo aghalabu kwa kumalizia shina la kitenzi na -o: chana, chanuo, fagia, ufagio, funika, kifuniko. Kwa hiyo majina haya hayasemi mmea ukoje. Yanasema mmea hufanyiwa nini, na mkono wa nani umeushika. Jina la tatu la Kiomaha, inshtogahte-hi, limejengwa juu ya inshta, jicho, kwa kuwa mmea ulitumika kuoshea macho yenye maradhi.

Tukivuka kwenda kwa Wapawnee tunaiacha familia ya Sioux na kuingia ile ya Caddo, ambayo haina undugu wa karibu nayo. Huko majina yanabadilika kabisa. Moja ni saparidu kahts, dawa ya uyoga, na hapa tahadhari inahitajika, maana kwa Kiswahili maneno hayo huweza kueleweka kuwa dawa ya kutibu madhara ya uyoga. Maana yake ni dawa yenye umbo la uyoga, kwa kulinganisha kile kichwa kilichovimba juu ya shina na kofia ya uyoga. Jina la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote: ksapitahako. Gilmore alilieleza kuwa limeundwa kutokana na mkono na kuzungusha. Watoto wa Kipawnee walikuwa wakichukua mashina mawili, wakayagusanisha vichwa, kisha wakazungusha moja kulizunguka lingine. Miiba ile ile iliyomkumbusha Moench kalunguyeye ndiyo iliyovifanya vichwa viwili vishikane bila kuteleza. Sifa ni moja, lakini mmoja ameitaja kwa kulinganisha na mnyama, mwingine kwa kukumbuka mchezo.

Hakuna hata moja kati ya majina haya linalotaja matumizi ambayo kwayo mmea umekuwa maarufu duniani, isipokuwa lile la macho na lile la dawa kwa ujumla. Gilmore mwenyewe aliandika kwamba mmea huu ulitumika kwa kuumwa na nyoka na wadudu, kwa maumivu ya jino, kwa mtu aliyeungua, na katika nyumba za kuogea mvuke ili joto livumilike. Wafanya viinimacho walijipaka maji yake mikononi kabla ya kutoa nyama katika chungu kinachochemka. Mzizi ukitafunwa huleta ganzi na mwasho ulimini, na sababu yake ya kikemia, aina ya amidi zilizomo mizizini, inajulikana leo. Anayeumwa jino alikuwa na haki ya kuutafuna.

Kutoka hapa habari ya jina inakuwa habari ya biashara. Katika miaka ya 1870 na 1880 mtu mmoja aitwaye Meyer aliuza dawa ya kusafisha damu katika mji wa Pawnee City, Nebraska. Mji huo ulibeba jina la watu ambao katika miaka hiyo hiyo ya 1870 walihamishwa kutoka Nebraska kwenda Oklahoma. Jina likabaki, wenyewe wakaondoka. Dawa yake ilikuwa na jina la Meyer, na mmea alioutumia hakujua unaitwaje kitaalamu. Aliupeleka Cincinnati kwa daktari John King na mfamasia John Uri Lloyd, akajitolea hata kuumwa na nyoka mwenye njuga mkiani mbele yao ili awathibitishie nguvu zake. Walikataa kwa adabu. Lloyd aliutambua mmea kuwa Echinacea angustifolia, na mwaka 1887 King na Meyer waliutangaza katika jarida la madaktari. Kwa njia hiyo mmea ambao ulikuwa na majina yasiyopungua sita katika eneo lile lile uliingia katika vitabu vya tiba ukiwa umetambulishwa na mtu ambaye hakuwa na jina lake hata moja.

Jina la mitaani halikuwasaidia wafanyabiashara pia. Kwa Kiingereza mizizi ya mimea kadhaa isiyohusiana iliitwa kwa pamoja mizizi ya nyoka, ekinasea ikiwemo. Mwingine uliokuwa na jina la namna hiyo ni Parthenium integrifolium, mmea wa mbuga hizo hizo na wa familia hiyo hiyo ya alizeti, lakini wa jenasi nyingine. Kwa miaka mingi mizizi ya Parthenium iliuzwa badala ya ile ya Echinacea purpurea. Katika miaka ya 1980 wanakemia wa Ujerumani walionyesha kwamba baadhi ya kemikali zilizokuwa zimeandikwa kuwa za ekinasea zilitoka katika Parthenium. Maabara ilikuwa imepima kwa uangalifu, ila ilikuwa imepima kitu kingine. Hapa jina la Kilatini linalipa deni lake, kwa sababu bila ya hilo kosa lisingeweza hata kuelezwa.

Kuhusu mafua, ambayo ndiyo sababu ya watu wengi kununua vidonge vya mmea huu leo, ushahidi ni dhaifu. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2005 halikuona faida ya maana ya angustifolia dhidi ya virusi vya mafua ya kawaida, na mapitio ya mwaka 2014 yaliyojumlisha majaribio 24 hayakupata msingi imara. Inafaa kukumbuka kwamba mafua hayakuwa katika orodha ya Gilmore niliyoitaja.

Wala tusidhani kwamba jina la Kilatini limetulia. McGregor wa Kansas alihesabu spishi tisa mwaka 1968. Binns na wenzake mwaka 2002 walizipunguza kuwa nne, nyingine wakizishusha daraja. Moja ya zilizoshushwa ni ile ya Tennessee, iliyomea katika maeneo machache ya mawe karibu na Nashville, ikadhaniwa kuwa imetoweka, ikaonekana tena katika miaka ya 1960, ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1979, na kutolewa katika orodha hiyo mwaka 2011 baada ya kuongezeka. Katika muda huo mfupi mmea mmoja ulikuwa spishi kamili kwa mtaalamu mmoja na tawi la spishi nyingine kwa mwenzake. Ekinasea ya majani membamba nayo ina tatizo lake: haizai kwa chavuo yake yenyewe. Huko Minnesota ya magharibi, ambako imechunguzwa tangu miaka ya 1990, mabaki ya mbuga yametengana kwa mashamba ya mahindi na soya, na mmea mmoja huweza kuchanua pasipo jirani wa kupeana naye chavuo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba moto huifanya mimea mingi ichanue mwaka mmoja na siku zinazokaribiana, na mbegu zikaongezeka. Mfugaji yeyote wa kwetu aliyeona nyasi mpya zikichipua baada ya moto hatashangaa sana.

Turudi basi kwa mfasiri. Kiswahili kimekwisha pokea mimea ya Amerika mara nyingi, na kwa njia tatu ambazo kila moja ni funzo. Nanasi lilikuja na jina lake la nyumbani: Wareno walilichukua kutoka lugha za Watupi wa Brazili, likasafiri baharini, nasi tukalipokea likiwa bado linatambulika. Mahindi hayakuwa na bahati hiyo. Tuliyapa jina la Uhindi, ingawa asili yake ni Meksiko; tulitaja njia tukidhani tumetaja chimbuko. Mapera yana kisa cha ajabu zaidi, maana pera kwa Kireno ni tunda jingine kabisa la nchi za baridi. Wareno walililinganisha tunda geni na lile la kwao, nasi tukaupokea mlinganisho wa watu wengine kana kwamba ni jina.

Pendekezo ambalo husikika mara nyingi, la kufasiri jina la Kiingereza na kusema ua-pia, lingeturudisha katika njia ya mapera. Jina hilo la Kiingereza hutumika kwa jenasi tatu, yaani Echinacea, Rudbeckia na Ratibida, kwa hiyo tungeazima pia utata usio wetu. Isitoshe, msomaji wa kwanza atakayekutana na ua-pia atauliza: ua, pia nini tena? Kubuni jina jipya kutokana na umbo, kama vile ua-kalunguyeye, kungependeza masikioni, lakini kungekuwa kumfasiri Moench bila kumtaja. Nanasi ndilo kielelezo bora, na laiti tungeweza kukifuata kwa ukamilifu tungetohoa mojawapo ya majina ya wenyeji. Tatizo ni kwamba kila moja ni la lugha moja na spishi moja, na kulichagua la Kidakota kuwa la jenasi nzima kungekuwa kuwanyamazisha Waomaha na Wapawnee kwa jina la kuwaheshimu.

Napendekeza, kwa sababu hizo, ekinasea, katika ngeli ya i-/zi-, kwa mmea na ua pia. Kwa kanuni ya mwaridi tungepaswa kusema mwekinasea, lakini alizeti, ambayo ni ndugu yake wa familia na vilevile mzaliwa wa Amerika ya Kaskazini, imekaa kwetu miaka mingi bila kiambishi hicho na hakuna aliyelalamika. Jina la kutohoa, hata hivyo, halina picha ndani yake. Ni chombo kitupu. Kwa hiyo kilichomo katika majina ya wenyeji hakina budi kuingizwa katika maelezo ya kamusi, kwa mfano hivi:

ekinasea nm [i-/zi-] jenasi ya mimea ya kudumu ya mbuga za Amerika ya Kaskazini, ya familia ya alizeti, yenye petali za zambarau iliyofifia au manjano na kichwa cha vigamba vikali. Mzizi wa baadhi yake hutia ganzi ulimini. Kwa wenyeji wa bonde la Missouri iliitwa mmea wa chanuo, mmea wa mjeledi, dawa ya macho, na kwa jina la mchezo wa watoto wa kuzungusha mashina mawili.

Mhariri wa kamusi atasema kwamba ingizo hilo ni refu mno. Akitaka kulipunguza, na aanze na rangi za petali.